Rubani Amy Johnson: ni kweli alikuwa pia fundi wa injini?

Fundi wa Boti, Lindi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Natengeneza mashine za boti hapa Lindi, banda langu liko jirani na soko la samaki. Ninamfundisha kazi mtoto wa dada yangu, binti aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Wiki iliyopita tuliletewa mashine inayozima kila boti ikifika katikati ya kuvuka kwenda Kitunda. Mimi nikafungua kabureta yote, vipande nikavitandaza juu ya gunia. Yeye akaenda kwenye tenki la mafuta, akakiangalia kizibo, akachukua waya mwembamba na kuchokoa kitundu cha kupitishia hewa. Kilikuwa kimeziba kwa chumvi. Hewa haiingii, mafuta hayatoki. Tukaiwasha, ikanguruma mpaka jioni.

Sasa baba yake, shemeji yangu, anauza samaki na anataka binti aache. Anasema grisi si kazi ya mtoto wa kike. Juzi redioni nilidaka kipande tu, kwamba kulikuwa na rubani wa kike Mwingereza, Amy Johnson, mwenye leseni ya ufundi, na baba yake alikuwa muuza samaki. Je, ni kweli? Na katika kuruka kwake Afrika, alipita huku kwetu? Nataka kumpelekea shemeji habari ya uhakika.

Mwalimu Mstaafu, Mikindani

Waaleikum salaam, fundi. Ni kweli tupu. Amy alizaliwa mwaka 1903 huko Hull, mji wa bandari Uingereza, na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Alisoma uchumi Chuo Kikuu cha Sheffield, kisha akaenda London kuwa katibu katika ofisi ya mwanasheria. Huko ndiko alikoanza kwenda uwanja wa Stag Lane, kujifunza kurusha ndege na kuchafua mikono karakana. Mwaka 1929 alipata leseni ya urubani, na mwaka huohuo leseni ya fundi wa ndege, mwanamke wa kwanza Uingereza kuipata. Kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kukagua injini na kuamua kama inafaa kuruka.

Mwaka 1930 alinunua ndege ya mkono wa pili, Gipsy Moth, kwa pauni 600. Sehemu ya fedha alitoa Lord Wakefield, tajiri wa oili, na sehemu alitoa baba yake. Amy akaipa ndege jina la Jason, alama ya biashara ya samaki ya baba. Hapo msomee shemeji yako taratibu.

Tarehe 5 Mei aliondoka Croydon peke yake kwenda Australia, yeye ambaye safari yake ndefu kabla ya hapo ilikuwa London hadi kwao Hull. Rubani alikaa wazi, upepo usoni. Mafuta ya tenki za akiba aliyavuta kwa pampu ya mkono huku anaruka, harufu ya petroli ikimchafua roho. Karibu na Baghdad dhoruba ya mchanga ilimlazimisha kutua jangwani. Hata hivyo alifika Karachi kwa siku 6, siku 2 mbele ya rekodi ya Bert Hinkler, rubani aliyekuwa akishikilia rekodi ya safari hiyo ya Australia.

Kisa ninachokipenda ni cha Burma. Alitua kwenye kiwanja cha michezo cha chuo cha ufundi huko Insein, karibu na Rangoon, ndege ikaishia mtaroni. Rafadha, yaani panga linalozunguka mbele ya ndege, ikavunjika, bawa likachanika. Rafadha ya akiba alikuwa ameifunga ubavuni mwa ndege tangu Uingereza. Kitambaa cha bawa hakikupatikana, mpaka watu walipokumbuka kwamba kulikuwa na mashati yaliyoshonwa kwa kitambaa cha ndege kilichobaki baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Yakakatwa, yakawa viraka. Siku zilizopotea hapo ndizo zilizomnyima rekodi. Aliingia Darwin tarehe 24 Mei, siku ya 19, na Hinkler alitumia 15 na nusu.

Mama Kitunda

Kumbe rekodi hakuivunja? Na baadaye ikawaje, mwalimu?

Mwalimu Mstaafu, Mikindani

Hiyo hakuivunja, mama, lakini hakuna mwanamke aliyewahi kuruka peke yake mpaka Australia kabla yake. Nyingine alizivunja. Novemba 1932 alikwenda London hadi Cape Town kwa siku 4 na saa karibu 7, akaipiku rekodi ya mumewe mwenyewe, Jim Mollison, kwa zaidi ya saa 10. Fundi, safari hiyo alipitia Sahara na pwani ya magharibi ya Afrika, kwa hiyo Lindi hakupita.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa akipeleka ndege za jeshi viwanjani. Tarehe 5 Januari 1941, hali ya hewa ikiwa mbaya, alianguka mlangoni mwa mto Thames. Nahodha wa meli Haslemere, Walter Fletcher, alijitosa majini kuokoa watu, naye akafa. Mwili wa Amy haujaonekana mpaka leo. Alikuwa na miaka 37. Nimefundisha miaka mingi, na kila nikifika hapo nilinyamaza kidogo.

Mzee wa Lindi

Amy hakupita, lakini ndege zimetua hapa. Kuanzia 1937 ndege za majini za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, zikitoka Southampton kwenda Durban, zilikuwa na kituo Lindi. Marehemu baba alitusimulia walivyokuwa wakikimbilia ufukweni kuona ndege ikikaa juu ya maji kama jahazi.

Fundi wa Boti, Lindi

Mwalimu, mzee wangu, ahsanteni sana. Jana jioni nilimsomea shemeji sokoni, anamwagia barafu samaki wake. Nilipofika kwenye jina la Jason akaweka ndoo chini, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza kama yule baba alikuwa na mabinti wengine. Hakusema zaidi, lakini leo asubuhi binti amekuja kazini, na ovaroli aliyovaa kanunuliwa na baba yake. Kesho inaingia mashine ya farasi 40 iliyozama. Ameomba aifungue yeye.