Marekani ikigawanyika nyumbani, ahadi zake nje zina uzito gani?

Swali
Wakuu, nisaidieni. Mwaka 2015 Marekani ilikubaliana na Iran kuhusu nyuklia. Mwaka 2018 ikajitoa, ilhali wakaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, walikuwa wakisema Iran inatekeleza. Tatizo ni ugomvi wa vyama au ni rais mmoja tu?

Jibu 1
Rais mmoja tu. Trump hakuyapenda makubaliano hayo tangu kampeni.

Jibu 2
Mkuu hapo juu, si rahisi hivyo. Mimi hufuatilia kura za Seneti, baraza la juu la Bunge la Marekani, kama wengine wanavyofuatilia ligi, kwa hiyo nivumilieni.

Makubaliano yale na Iran hayakuwa mkataba ulioridhiwa na Seneti. Mkataba unataka theluthi mbili ya maseneta, na Obama alijua hazipati. Machi 2015, mazungumzo hayajaisha, maseneta 47 wa Republican waliwaandikia viongozi wa Iran barua ya wazi: rais ajaye anaweza kuyafuta haya kwa kalamu. Ndivyo ilivyokuwa. Hata angeshinda Mrepublican mwingine, angebanwa ayafute.

Tazama Makubaliano ya Paris kuhusu tabianchi. Obama kaingia, Trump katoka, Biden karudi 2021, Trump kaagiza kutoka tena Januari 2025. Wewe ukiwa mjumbe wa nchi nyingine mezani, utatoa kitu kikubwa kwa ahadi ya miaka minne? Utatoa kidogo, tena utadai ulipwe mapema.

Jibu 3
Lakini ugomvi haukuanza leo. Mwaka 1920 Seneti ilikataa Mkataba wa Versailles, wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Rais Wilson ndiye aliyeuhangaikia kule Paris.

Jibu 2
Kweli, na Wilson naye alikuwa mkaidi; alikataa masharti ya Lodge, kiongozi wa Warepublican Seneti, akawaamuru Wademokrati wake wayapinge. Ila mwaka 1949 mkataba wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ulipita kwa kura 82 dhidi ya 13, Truman akiwa Mdemokrati na seneta Vandenberg, Mrepublican, akimtafutia kura. Watu wa aina hiyo sasa ni wachache. Msaada wa Ukraine ulioombwa Oktoba 2023 ulipita Aprili 2024, na wanajeshi wake kule vitani walikuwa wakihesabu makombora ya mizinga kwa uhaba.

Muuliza swali
Kwa hiyo hata NATO rais anaweza kutoka kwa kalamu?

Jibu 2
Desemba 2023 ilipitishwa sheria: hawezi bila theluthi mbili ya Seneti au sheria ya Bunge. Walioiandaa ni maseneta Kaine, Mdemokrati, na Marco Rubio, Mrepublican, ambaye sasa ni waziri wa mambo ya nje wa Trump.