Msiniandikie, Unga Uko Motoni

Kikundi: WAJUKUU WA BIBI
Jumapili, Januari

[20:02] Tatu (Lafayette, Marekani): Asalaam aleikum jamani. Wakubwa shikamooni. Nimekuja kuomba dua, leo nampikia bibi jirani.

Mama Mkubwa (Tanga): Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Yule aliyekuwa akikuletea vyakula ulipojifungua?

Tatu: Huyohuyo. Kapasuliwa goti, katoka hospitali Alhamisi. Nikamuuliza roho yake inataka nini. Hakutaja supu wala kuku. Kasema "wali na rojo", basi. Hapa saa tano asubuhi, mvua ya baridi tangu alfajiri, na mimi jikoni natetemeka.

Kaka Idi (Dar): Baridi au woga?

Tatu: Woga! Yeye ndiye aliyenifundisha. Ni sawa na kumpikia Mama Mkubwa pilau.

Mama Mkubwa: Usithubutu 😂

Shangazi (Unguja): Rojo la nini?

Tatu: La nyama ya kusaga, Shangazi. Huku Louisiana watu wa Krioli, wenye asili ya Afrika na Ufaransa, Jumapili wakitoka kanisani wanakula hicho. Nyama unaifanya vibonge bapa, unavikaanga, halafu unavirudisha kwenye rojo zito la rangi ya kahawia vikaiva polepole. Unamwagia juu ya wali.

Ma Mdogo (Mombasa): Hizo si kababu za mchuzi? Kwetu twazipika kila Ramadhani. Kima ni kima.

Tatu: Ni binamu yake, Ma Mdogo. Ila humu hamna bizari, tangawizi wala dania. Kuna kitunguu, pilipili hoho na seleri, vimekatwakatwa vidogo vidogo. Wenyewe wanaviita utatu mtakatifu.

Mjomba (Morogoro): Astaghfirullah. Hata vitunguu vimebatizwa.

Rehema: Bibi yuko hapa pembeni, anauliza seleri ndiyo nini.

Kaka Idi: Mwambie yale majani wanayofungia pamoja na karoti za supu pale sokoni.

Tatu: Ila huku wanatumia shina zaidi kuliko majani.

Rehema: Bibi kasema haya. Halafu anauliza mchele gani.

Tatu: Mwambie nitamjibu, kwanza nikoroge nyama. Nina ratili mbili, karibu kilo. Nimechagua ile yenye mafutamafuta, kwa kila sehemu nane za nyama mbili ni mafuta. Ukichukua kavu kabisa kibonge kinakuwa kisigino. Nimetia yai, mkate uliolowekwa kwenye maziwa, thomu, chumvi, pilipili manga, pilipili nyekundu ya unga na robo ya huo utatu.

Ma Mdogo: Nyama ya wapi lakini? Huko si watia nguruwe kila chungu?

Tatu: Kweli, yeye mwenyewe huchanganya nusu ng'ombe nusu nguruwe. Hii ni ya halali, tunainunua Houston, mwendo wa saa tatu na ushei kwa gari, tunajaza friza. Na chungu ninachopikia, Ma Mdogo, ndicho kitakuliza. Mwaka wa kwanza tulipohamia, alinunua chungu kipya cha chuma, kizito kama jiwe, akakiweka kabatini kwake peke yake. Akisema kila siku, "hiki cha watoto wa Kiislamu, mtu asikiguse." Nilipojifungua akanipa moja kwa moja.

Ma Mdogo: Mungu amponye goti lake.

Shangazi: Amin. Sasa hilo rojo linakuwaje zito? Viazi? Nazi?

Tatu: Unga wa ngano, Shangazi. Vibonge vikishika rangi dakika nne huku na nne kule unavitoa. Mafuta yaliyobaki chunguni, kama vijiko vitatu, unatia unga vijiko vitatu, unakoroga bila kuacha mpaka ugeuke rangi.

Mama Mkubwa: Unga wa ngano kwenye mchuzi? Mwanangu huo ni uji wenye nyama.

Shangazi: Wewe dada usinichekeshe. Urojo wetu tunatilia nini kama si unga wa ngano? Kila ukija Forodhani unakunywa bakuli mbili.

Mama Mkubwa: Ule una ndimu na embe bichi.

Shangazi: Na unga.

Tatu: Tofauti ni kwamba huu unaukaanga kwanza. Ukikaangika sana unatoa harufu kama karanga, lakini nguvu ya kugandisha inapungua, ndiyo maana rojo jeusi linataka unga zaidi. Watu wa New Orleans wanaongeza na nyanya. Huku Lafayette wengi hawatii. Bibi jirani kwao ni Breaux Bridge, hapa karibu, ukimtajia nyanya kwenye rojo anakuangalia kama umetukana mama yake.

Mjomba: Mimi nilisoma kwamba hata mpunga wa Louisiana umetoka kwetu Afrika. Meli za kwanza za watumwa za mwaka 1719 zilibeba na mbegu za mpunga, na manahodha waliagizwa watafute watu wanaojua kuulima. Miaka iliyofuata wengi wa walioletwa walitokea upande wa Senegal na Gambia. Kwa hiyo huyo bibi anakula wali wa mababu zake. Na ile supu yao ya gumbo, inasemekana jina limetokana na lugha za Kibantu, ki-ngombo, yaani bamia. Tatu, wewe hukwenda ugenini, umekwenda kwa

[20:31] Tatu: UMEUNGUA

Mama Mkubwa: Nini?

Tatu: Unga! Nimesoma habari za Mjomba nusu dakika tu, naangalia chungu kuna vidoa vyeusi!

Mjomba: Mimi nilikuwa naelimisha.

Ma Mdogo: Ongeza maji uufiche.

Tatu: Haufichiki. Ukiungua uchungu haubanduki, hata utie sukari. Ni kumwaga. Na mafuta ya nyama yote yameondoka nao, na ule ukoko uliokuwa umeganda chini ya chungu, ndio wenye ladha yenyewe 😭 Sasa nitapata wapi?

Mama Mkubwa: Tulia. Nyama yote umeshakaanga?

Tatu: Vimebaki vibonge vinne kwenye friji, vya watoto kesho.

Mama Mkubwa: Kesho watoto watakula mayai. Osha chungu, kipashe, kaanga hivyo vinne. Usivigeuzegeuze, viache vishike chini. Mafuta yakipungua ongeza ya kupikia. Na ninyi wengine mikono juu, mtu asiandike kitu humu mpaka Tatu aseme.

Mjomba: Sawa.

Mama Mkubwa: Hata "sawa".

[20:58] Kaka Idi: Nimetuma kimakosa, samahani, ilikuwa ya kazini.

Mama Mkubwa: IDI.

[21:09] Tatu: Jamani. Alhamdulillah. Umefika rangi ya karanga za kukaanga, nikausogeza mbele kidogo mpaka ngozi ya kahawia ya korosho iliyobanguliwa vibaya. Hapo hapo nikatupia vitunguu, hoho na seleri. Mboga zikiingia unga unapoa, hauendelei tena kukolea, ndiyo breki yake. Mikono inauma!

Shangazi: Mashaallah. Supu ulitia moto au baridi?

Tatu: Ya uvuguvugu, vikombe vitatu, kidogokidogo huku nakwangua chini kwa mwiko wa mbao. Ule ukoko ukaachia, rojo lote likabadilika rangi mbele ya macho yangu. Hakuna hata donge moja. Nikatia thaimu kavu, thomu, majani ya kitunguu nimeyaweka pembeni ya mwisho. Vibonge vimerudi ndani, nimefunika, moto mdogo kabisa, nusu saa.

Mama Mkubwa: Sasa hapo ndipo mtu anapiga gumzo.

Mjomba: Naweza kumalizia ile ya bamia?

Mama Mkubwa: Hapana.

Rehema: Bibi anauliza tena mchele gani. Kanifinya.

Tatu: 😂 Mwambie Bibi, mchele wa hukuhuku, punje ndefu. Kuna mji wa Crowley, nusu saa tu kutoka hapa, mashamba ya mpunga mpaka jicho linachoka, na wana tamasha lao la mpunga kila mwaka. Haunukii kama wa Kyela, sitamdanganya. Ila kwa rojo unafaa, kila punje inasimama peke yake, haifanyi bokoboko.

Rehema: Bibi kasema mchele usionukia ni kokoto zilizopauka.

Ma Mdogo: Watia nazi?

Tatu: Sitii, Ma Mdogo. Chumvi na siagi kidogo. Nikitia nazi leo atajua nimebadili mtihani.

[21:52] Tatu: Nimepakua. Wali, vibonge vitatu, rojo juu, majani ya kitunguu. Navuka barabara na mwamvuli.

Kaka Idi: Piga picha!

Tatu: Nimepiga lakini ni kahawia juu ya kahawia, mtasema ni tope. Chakula hiki hakina sura.

[22:20] Mama Mkubwa: Kimya? Kakufukuza?

[22:26] Tatu: Nimerudi. Kwanza hakula. Alichukua kijiko akakichovya kwenye rojo, akakigeuza, akautazama mgongo wa kijiko. Rojo lilikuwa limekishika. Akaniambia, "Uliunguza la kwanza, sivyo?"

Shangazi: Ehe! Kajuaje?

Tatu: Kasema moshi umenishika kwenye nywele. Halafu akasema kila mtu huunguza siku anayompikia mgonjwa. Akala. Chumvi haikumtosha, akajiongezea pilipili ya chupa, akamaliza vibonge viwili, cha tatu kaagiza kifunikwe cha jioni. Rangi hakuisema kitu.

Mama Mkubwa: Asiposema kitu ndiyo kapasi. Mpishi hamsifii mpishi mwenzake usoni.

Tatu: Wakati natoka kaniita, kasema wiki ijayo nimpelekee chungu, anataka kunionyesha wali wa maini na firigisi zilizosagwa, zinachanganywa na wali wenyewe mpaka uwe mchafu. Nimemwambia za halali nitatafuta mwenyewe.

Ma Mdogo: Wali mchafu! Hiyo nami niandikie.

Rehema: Bibi kaamka alikuwa kasinzia. Ana swali la mwisho halafu analala.

Tatu: Naam Bibi.

Rehema: Anauliza ukoko wa wali kala nani.

Tatu: ...Baba watoto. Amesimama na sufuria hapa, anakwangua na rojo lililobaki.

Rehema: Bibi kasema hapo sawa. Kazima taa.