Mama yangu amepulizwa filimbi kwa kosa la kukaa bustanini!

Mtoto wa Ilala:
Wakuu, nimetoka huko sasa hivi na mikono bado inanitetemeka, kwa hiyo mniwie radhi nikirudia maneno. Ofisi ninayoisema sina haja ya kuitaja, kwa maana hakuna mkazi wa Dar es Salaam asiyeijua: ndiyo ile inayotoza kila kinachosimama na kufukuza kila kinachokaa.

Mama yangu ana miaka 71 na amefanyiwa upasuaji wa goti. Daktari amemwagiza atembee kila asubuhi mahali tambarare penye kivuli, na mtaani kwetu mahali pa namna hiyo hapapo tena, kwani uwanja wa wazi tuliochezea utotoni umekuwa maegesho ya malori. Nikampeleka bustani ya jiji. Alizunguka mara mbili, akachoka, akatafuta benchi. Mabenchi yamebaki miguu ya zege, mbao zimekwenda zisikojulikana. Akakaa kwenye ukingo wa matofali. Hakukanyaga nyasi wala hakugusa ua. Hapo mgambo akapuliza filimbi iliyosikika mpaka Kigamboni, akaja mbio kama anayefukuza majambazi wa benki, akamwambia: "Mama, inuka. Bustani hii ni ya kutazama."

Ya kutazama! Mwanamke aliyelipa kodi ya maendeleo ilipokuwapo, anayelipa ada ya taka kila mwezi, ambaye kodi yake ya jengo inakatwa kwenye luku ya umeme tangu 2021, aliinuka kwa kushika bega langu, akamwomba radhi kijana yule. Alimwomba radhi! Na wakati huohuo, hatua kumi kutoka pale, maharusi na wapambe wao wote walikuwa katikati ya nyasi wakipigwa picha, kwa sababu wamelipia.

Nilikwenda ofisini kwao. Meza ya kwanza ikanituma ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza, na hatimaye nikaambiwa nilete barua kutoka serikali ya mtaa, kisha nisubiri namba ya malipo. Barua ya kukalia tofali! Lakini hayo yote ningeyasahau. Nisichoweza kusahau ni mama yangu kuomba radhi kwa sababu goti lake limechoka.

Bi Mkubwa wa Temeke:
Pole sana mwanangu, na umfikishie mama salamu zangu. Mimi niliinuliwa mahali kama hapo nikiwa namnywesha mjukuu uji, nikaambiwa kwamba nitavuta sisimizi.

Kisiki:
Mleta mada, filimbi umetusimulia vizuri, ila hujatueleza wewe ulimjibu nini mgambo. Mwanamume mzima unamwacha mama yako aombe radhi, kisha unakuja kutupigia kelele sisi?

Mtoto wa Ilala:
Mama alinibana mkono nisiseme neno, akihofia nisije nikapandishwa kwenye gari lao. Ndiyo maana nina uchungu hivi, Kisiki. Alimwomba radhi ili kuninusuru mimi.

Mzee wa Gerezani:
Vijana, tazameni viwanja vya Mnazi Mmoja hapa Dar. Enzi za ukoloni ukanda ule uliachwa wazi ili Kariakoo ya Waafrika itengwe na mji wa Wahindi na Wazungu. Sisi tukaugeuza kuwa mahali pa kukutania. Mkoloni aliweka uwazi ili tusivuke, na leo tunapulizwa filimbi tusikae. Mimi tofauti siioni.

Jirani wa Nairobi:
Wenzetu, msinyamaze. Mwaka 1989 watawala wetu walitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, na mwanamazingira Wangari Maathai akapinga mpaka likashindikana, huku akitukanwa hadi bungeni.

Kisiki:
Huyo alipinga, wala hakuomba radhi.

Mama Pacha:
Ninyi mnalilia bustani, na ninawaonea wivu kwamba mnayo. Kwetu mtaro umeziba tangu kabla ya masika, mtozaji wa ada ya taka anafika bila kukosa siku moja, na gari lenyewe la taka silioni. Nikiuliza ofisini, wananiambia mtaro ni wa kata. Kata wanasema ni wa manispaa.

Dereva wa Mbagala:
Afadhali yako, Mama Pacha, una mtaro wa kuziba. Sisi nguzo za taa zimesimama mwaka wa tatu bila balbu, na wiki iliyopita walikuja kuzipaka rangi.

Mama Pacha:
Rangi gani?

Dereva wa Mbagala:
Nyeupe, ili tuzione gizani.

Bi Mkubwa wa Temeke:
Kwetu hata nguzo hakuna. Mama Pacha, mtozaji wenu anatoa stakabadhi? Wa kwetu anaandika kwenye daftari la shule.