Jamani, acheni kunizushia tauni kila nikipiga chafya!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi nina aleji ya vumbi. Chafya yangu haiji moja, huja tano au sita kwa mkupuo. Hilo nimeshalizoea. Nisichokizoea ni semina inayofuata. Leo kikaoni nimepiga ya kwanza, nikaambiwa "afya". Sawa, asante. Ya pili, "pole". Ya tatu, mwenyekiti akaweka ajenda pembeni na kuanza kutufundisha kwamba moyo wangu umesimama mara tatu. Ya nne, mwingine akadakia: mnajua desturi hii imetoka wapi? Papa Gregory, mwaka 590, tauni ya Roma, watu wakipiga chafya wanaanguka wanakufa, ndipo akaagiza watakiwe heri. Ya tano nilikuta nimeshaanza kuombewa. Nikasema kwa upole kwamba habari hiyo haina mashiko. Nikajibiwa, "Acha kujifanya msomi, leta ushahidi," na kikao kikafungwa.

Haya, ushahidi huu hapa.

Tauni ya Roma ya 590 ilikuwepo kweli. Ilimuua Papa Pelagius II, na Gregory ndiye aliyemrithi. Gregory wa Tours, askofu na mwanahistoria (si yule Papa) aliyeishi zama hizo hizo, ameisimulia: anaitaja kuwa ni maradhi ya kinena, na anasema watu 80 walianguka wakafa katikati ya maandamano ya maombi. Kinena, wakuu, si pua! Tauni ya aina hiyo huvimbisha tezi za kinenani na kwapani, na homa inapanda. Ikishuka kwenye mapafu mtu anakohoa damu. Chafya si dalili yake.

Tuseme basi hilo hamlitaki. Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79, aliuliza katika maandishi yake kwa nini watu humtakia heri anayepiga chafya. Akaongeza kwamba Kaisari Tiberius, mtu aliyejulikana kwa kununa, alidai atakiwe heri hata akiwa safarini ndani ya gari lake. Fikirieni mfalme wa dunia anapiga chafya kwenye gari la farasi, halafu anawakazia macho mpaka mseme. Zama za Kaisari Nero, mwandishi mwingine, Petronius, naye akaandika kisa cha kijana Giton aliyejificha chini ya kitanda. Chafya tatu zikamtoka hadi kitanda kikatikisika, na mzee Eumolpus akamtakia afya njema huko huko mafichoni! Hiki ni kichekesho, na kichekesho hakichekeshi kama desturi yenyewe wasikilizaji hawaijui. Kwa hiyo Warumi walikuwa wameshaizoea miaka 500 na ushei kabla ya huyo Papa wenu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kazi hii ya kukanusha ilishafanywa zamani. Mwaka 1646 tabibu wa Kiingereza, Thomas Browne, alitoa kitabu cha kupinga imani potofu, na humo kuna sura nzima ya chafya. Aliitaja hadithi hiyo hiyo ya Gregory, kisha akaibomoa kwa ushahidi wa Pliny na Petronius. 1646! Hakukuwa na umeme wala simu, na mtu alikuwa ameshamaliza kazi. Leo mtu ana maktaba ya dunia mfukoni, anaitumia kusambaza uzushi uliokwisha kuzikwa karibu miaka 400 iliyopita.

Twende kwenye moyo. Kabla ya chafya unavuta pumzi nyingi, shinikizo kifuani linapanda, damu inayorudi kwenye moyo inapungua kwa muda mfupi sana, halafu ukiachia inarudi. Mapigo yanaweza kubadilika mwendo kidogo. Umeme wa moyo haukatiki. Ingekuwa moyo unasimama, sisi watu wa aleji tungezikwa kila msimu wa maua.

Sasa kundi la "roho inataka kutoka puani", wanaosema ndiyo maana mwenye chafya hutakiwa heri. Ninyi nitawatendea haki kuliko mnavyojitendea, kwa sababu masimulizi yenu yapo na wala hamyajui. Wayahudi wanayo katika Pirkei de-Rabbi Eliezer, kitabu chao cha masimulizi: tangu mwanzo wa dunia hakuna aliyeugua, mtu alipiga chafya popote alipo na roho yake ikatokea puani, mpaka Yakobo alipoomba rehema apate kwanza muda wa kuwausia watoto wake. Simulizi tamu, nakubali. Lakini kitabu chenyewe kimekuja karne nyingi baada ya Tiberius kununa garini, kwa hiyo hakiwezi kuwa ndicho chanzo.

Tena mkifungua maandiko ya zamani zaidi mtakuta chafya ni uhai. Wafalme wa Pili, sura ya 4: Elisha anajilaza juu ya mtoto aliyekufa, mtoto anapiga chafya mara saba, anafumbua macho. Saba! Hakuna aliyemwambia pole. Kwa Waislamu, katika hadithi aliyoipokea Abu Huraira, Mwenyezi Mungu anapenda chafya na anachukia miayo. Aliyepiga anasema Alhamdulillahi, ndipo anajibiwa Yarhamukallah (Mungu akurehemu). Tena utaratibu upo: watu wawili walipiga chafya mbele ya Mtume, akamjibu mmoja, wa pili hakumjibu kwa sababu hakumhimidi Mungu. Hapo anayeanza ni mwenye chafya, kwa shukrani. Hakuna moyo uliosimama wala maiti barabarani.

Wayunani ndio kabisa, chafya kwao ilikuwa kama muhuri. Kwa Homer, mshairi wao wa kale, Penelope anasema mumewe Odysseus akirudi wanaume wanaomposa watakiona cha moto, mara mwanawe Telemachus anapiga chafya nyumba nzima inavuma. Mama anacheka: hiyo ni ishara neno langu litatimia. Mwaka 401 KK jeshi la Kiyunani limekwama katika milki ya Uajemi, majemadari wameuawa kwa hila, mwenzao Xenophon anahutubia kuwatia moyo. Anapotaja tu wokovu, askari mmoja anapiga chafya. Jeshi zima linamsujudia mungu wao, na Xenophon anaikamata nafasi hiyo hiyo kupitisha azimio la sadaka. Mwenyekiti wetu angekuwepo, wangeahirisha vita wajadili moyo wa askari.

Msinielewe vibaya, sigombani na neno "afya". Kuna kisa kimenifariji, kimo katika kanuni za watawa wa Kibuddha. Buddha alikuwa akihubiri, akapiga chafya, watawa wakapaza sauti "uishi, uishi" hadi mahubiri yakakatika. (Mnaona? Tatizo langu lina zaidi ya miaka 2,000.) Akawauliza: mtu akiambiwa hivyo, ataishi au atakufa kwa sababu ya hayo maneno? Wakasema hapana. Akapiga marufuku. Baadaye watu wa kawaida wakalalamika kwamba watawa hawana adabu, wanatakiwa heri wanakaa kimya. Buddha akalegeza, akasema raia wanapenda maneno ya heri, wajibuni. Hata nyumba ya Rabban Gamaliel, mwalimu wa Kiyahudi wa kale, haikusema neno la kutakia afya darasani, ili somo lisikatike. Hao walijua maana ya ajenda.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Nikipiga chafya, niambie "afya" mara moja, ya kwanza, kisha tuendelee na kikao. Zilizobaki ni za vumbi, niachieni mwenyewe na leso yangu. Na anayetaka kuniletea tauni, aje kwanza na maandishi ya kabla ya Pliny. Nipo hapa hapa, nimekaa.

NYONGEZA: Kuna mkuu kanifuata pembeni kutetea tauni kwa ule wimbo wa watoto wa Kiingereza wa kuzunguka waridi, ati mwishoni watoto wanapiga chafya wanaanguka kwa sababu ya tauni ya London ya 1665. Mkuu, wimbo huo Kate Greenaway, mchoraji wa vitabu vya watoto, aliuchapisha 1881, na tafsiri ya tauni imeanza kuvuma karne ya 20. Halafu matoleo kadhaa ya wimbo wenyewe hayana chafya hata moja.