Naomba ushauri: amplifaya ya gita yenye mngurumo mzito, napiga na bendi Mwanza

Solo_Nyegezi:
Wakuu, mwangaluka. Nipo Mwanza, napiga gita la solo. Natafuta amplifaya ya kupigia na bendi, yenye distoshini nzito ya rock na metali, siyo vile viboksi vya mazoezi ya chumbani. Mpiga dramu wetu ana mkono mzito, mimi sisikiki kabisa. Nimekwama kati ya Peavey 6505 (kichwa cha taa, yaani amplifaya isiyo na spika yake, inayotumia zile taa za vioo ndani, wati 120), Marshall JCM800 na Boss Katana 100. Wengine wananiambia ya taa ndiyo mpango mzima, wengine wanasema umeme wetu utaiua. Hiyo 6505 nimeshaisikia kwa hedifoni, ni moto. Bajeti ipo. Nahitaji majibu kabla ya Ijumaa, matusi hapana.

Bwana Sangara:
Rock City yenyewe ina mawe tu mkuu, mashabiki wa rock utawatoa wapi? Nunua kinanda ukapige harusi.

FundiTaa:
Kiongozi, 6505 ni ile ile 5150 ambayo Peavey waliitoa 1992 pamoja na mpiga gita Eddie Van Halen. Walipoachana naye 2004 wakaibadilisha jina. Kwa metali ni chombo haswa. JCM800 ni ya 1981, tamu, ila yenyewe peke yake haifiki kwenye mngurumo wa siku hizi, wengi wanaitangulizia pedali ya ovadraivu (ya kuongeza mkwaruzo). Katana haina taa, lakini haisumbui na unaweza kuipunguza hadi nusu wati ukiwa nyumbani.

Kutosikika ni jambo jingine, na wati siyo dawa yake. Kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu, mtu aliyekaa nyuma hata hashtuki. Vijana wengi wanakata sauti za kati kwa sababu chumbani inapendeza. Ukiingia kwenye bendi, besi inakumeza chini, matoazi yanakumeza juu, wewe unabaki mvumo tu. Rudisha sauti za kati, punguza geini (kile kitufe cha mkwaruzo) kuliko unavyotamani. Jaribu hilo kwanza na amplifaya uliyonayo, ni bure.

Sasa nijibu: unapigia wapi? Kabineti ya spika unayo? Hiyo 6505 ni ya volti ngapi? Na Ijumaa kuna nini?

Mzee wa Nansio:
Mmenikumbusha mbali. Tulikwenda kupiga harusi Ukerewe, vyombo vyote tumevivusha kwa kivuko, tumevifunika maturubai. Usiku umeme wa jenereta ukawa unapanda na kushuka, yule wa jenereta keshalewa. Amplifaya ya taa ya mwenzetu ikaanza kutoa moshi katikati ya sebene. Bwana harusi akapiga makofi, akadhani ni sehemu ya shoo! Tukamalizia na ngoma na sauti tu, na walitulipa. Vijana wa sasa bila wati 120 hamwezi kuimba.

Solo_Nyegezi:
Shikamoo mzee. @FundiTaa, napigia ukumbini, watu kama mia mbili hivi. Kabineti nitaazima. Volti sijaangalia, imetoka Marekani, muuzaji anasema inafanya kazi vizuri. Ijumaa ndiyo namalizia hela.

Mama Kulwa:
Unamalizia? Kwa hiyo umeshaanza kulipa. Mdogo wangu, hapa umekuja kuomba ushauri au kuombewa?

Solo_Nyegezi:
Ni advansi tu dada, laki 8 kwenye milioni 2.3. Kuna mtu mwingine alikuwa anaitaka, ningeikosa. Bado naweza kubadilisha mawazo.

Ngosha wa Buzuruga:
Kijana wa Nyegezi anatoa laki 8 kwa kitu ambacho hajui volti zake. Samahani ndugu, hela ni yako?

Solo_Nyegezi:
Ya kikundi.

Ngosha wa Buzuruga:
Kikundi gani? Hiyo bendi ya metali?

Solo_Nyegezi:
Kwaya. Mimi ndiye solo wa kwaya yetu, huo ukumbi ni kanisani. Tulichangisha tununue vyombo, na kamati ikaniachia mimi nichague kwa sababu ndiye ninayejua. Muhtasari unasema "amplifaya ya gita", haukusema ya aina gani. Jumapili itapiga kanisani, Jumamosi nitaitumia na wenzangu watatu, maana tuna bendi yetu. Chombo kikikaa stoo wiki nzima kinamsaidia nani? Halafu 6505 ina sauti safi vilevile, msiifanye kama inaunguruma tu.

Mama Kulwa:
Kuna akina mama hapo wameanika dagaa mwalo wa Kirumba, wakatoa elfu mbili mbili zao ili kwaya ipate vyombo. Wewe unawanunulia ngurumo. Kaa na kamati uwaambie kwa mdomo wako, usijifiche nyuma ya muhtasari.

Bwana Sangara:
Pambio la kutubu kwa 6505, dhambi zitakimbia zenyewe 😂

FundiTaa:
Mambo ya kamati nawaachia wenyewe. Ila ungesema kanisa tangu mwanzo, ningekujibu tofauti. Sauti safi ndiyo upande dhaifu wa 6505, ukipandisha kidogo inaanza kukwaruza. Wati 120 za taa kwa watu mia mbili, utaifungua kidogo tu na mchungaji atakuja kuizima. Na ile raha ya taa inatoka zikisukumwa. Kwa kwaya, sebene na mapambio, tafuta Roland JC-120, ipo tangu 1975 na sifa yake ni usafi. Kama unataka moja ibebe Jumapili na Jumamosi yako, basi Katana 100.

Mzee wa Nansio:
Mbaraka Mwinshehe alikuwa solo wa Morogoro Jazz, tunamsikiliza mpaka leo. Gita safi, kila nota unaihesabu.

Solo_Nyegezi:
Mzee, namheshimu sana Mbaraka, lakini hakupiga metali. Katana ni kompyuta ndani ya boksi. Mtu aliyeshasikia taa haridhiki nayo.

Kamanda Igoma:
Nilikuwa nasoma kimya. Wakuu, hii ni chai. Amesema 6505 ameisikia kwa hedifoni. Kichwa cha 6505 hakina tundu la hedifoni, hata ukizunguka nyuma na tochi. Na kama ni ya Marekani ya volti 120, aliyeichomeka kwenye 230 za hapa bila transfoma alisikia fyuzi tu. Huyu ama ni dalali anapandisha bei ya mzigo wake, ama anajifunza kutunga. Kwaya, kamati, akina mama wa dagaa… mbona kila mnachouliza kina jibu linalouma?

Ngosha wa Buzuruga:
Akina mama wa dagaa amewaleta Mama Kulwa, siyo yeye. Lakini hilo la hedifoni kweli. Mleta uzi, weka picha.

Bwana Sangara:
Chai yenyewe haina hata tangawizi.

Solo_Nyegezi:
Mnapenda kuhukumu. Muuzaji yuko Dar, aliipiga kwao akanirekodia video, akanitumia WhatsApp. Hedifoni ni za simu yangu. Nilisema nimeisikia, sikusema nimeishika. Na ningekuwa dalali ningetaja bei ya advansi? Picha ya mgongo wa mashine hiyo hapo, alinitumia yeye.

Kamanda Igoma:
Kwa hiyo laki 8 za kwaya zimekwenda kwa video. Afadhali ingekuwa chai.

FundiTaa:
Nimeikuza picha. Imeandikwa 120V 60Hz. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, usinunue ya wati 200 ukidhani 120 inatosha, mashine ya taa inakula ukutani kuliko inachotoa kwenye spika. Chukua ya wati 1000. Transfoma itashusha volti ila haitabadilisha 50Hz yetu kuwa 60, hivyo transfoma ya ndani inaweza kupata joto zaidi. Iache ipumue. Swichi ya nyuma ya omu (4, 8, 16) iendane na kabineti utakayoazima. Na usiipige hata dakika moja bila spika, utaunguza transfoma ya kutolea sauti, hiyo siyo ya kwenda kutafuta dukani kesho yake.

Jumlisha transfoma, kabineti na nauli, uone kama bado ni milioni 2.3.

Ngosha wa Buzuruga:
Na usimalizie hela kabla haijafika Mwanza ikawashwa mbele ya watu wawili wa kamati. Asipokubali, dai advansi.

Solo_Nyegezi:
Nikiwaita kamati wataanza maswali.

Mama Kulwa:
Ndiyo kazi yao.

Solo_Nyegezi:
Haya. Nimemwandikia aitume kwa basi, niijaribu na kabineti hapa kwanza, ndipo nimalizie. Tiki za bluu zimeingia tangu mchana. Kamati sijawaambia, nasubiri ajibu. Na bado nasema 6505 ni bora kuliko Katana.

Bwana Sangara:
@FundiTaa, hiyo Katana kwani inakwendaje? Shemeji anapiga gita la rithimu kwenye bendi ya hoteli, anatafuta kitu chepesi cha kupanda nacho bodaboda.

FundiTaa:
Njoo PM. Ila ile 100 kwenye bodaboda amwambie dereva mapema.