Masizi kwenye valvu: je, dawa ya kumimina kwenye tangi inatosha?

Msafiri wa Dodoma:
Wakuu, habari za kazi. Gari langu limetoka Japani likiwa limetumika, na injini yake ya lita 2.0 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kila asubuhi, kabla injini haijapata moto, hutetemeka gari likiwa limesimama. Ikishapata moto hutulia, lakini mlimani hukosa nguvu. Plagi ni mpya na koili zimepimwa, hazina shida. Fundi anataka kufungua manifodi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini) asafishe masizi, ilhali muuza vipuri ananishauri nimimine dawa kwenye tangi. Nimsikilize nani?

Fundi Petroli:
Msikilize fundi, mkuu. Katika injini za zamani nozeli ilipuliza petroli nyuma ya valvu ya kuingizia hewa, kwa hiyo petroli hiyo hiyo iliiosha valvu muda wote injini ilipokuwa ikifanya kazi. Injini za aina yako, kama zile za GDI ambazo Mitsubishi ilianza kuzifunga kwenye Galant mwaka 1996, haziioshi valvu hiyo. Inayoipitia ni hewa yenye mvuke wa oili pamoja na moshi wa ekzosi unaorudishwa kwenye injini na mfumo uitwao EGR, na vitu hivyo vikikutana na joto huganda vikawa ukoko mweusi, mgumu, unaobana njia ya hewa. Dawa ya tangini huweza kusafisha nozeli. Kwenye ukoko huo haifiki. Ndiyo maana mfumo wa D-4S wa Toyota una nozeli mbili kwa kila silinda, moja ikiwa nje ya valvu.

Binti wa Gereji:
Naongezea jambo ambalo wengi hulipuuza. Valvu za silinda inayosafishwa lazima ziwe zimefunga, na hilo hufanyika kwa kuizungusha injini kwa mkono, la sivyo vipande vya kaboni vitadondoka ndani na kukwaruza kuta za silinda. Gereji zenye vifaa hupuliza chembe za maganda ya jozi, ambazo hubandua ukoko bila kula chuma. Tafadhali usikubali mtu achokonoe kwa bisibisi.

Msafiri wa Dodoma:
Ahsanteni sana. Vipi kuhusu kuiziba EGR ili masizi yasirudi?

Fundi Petroli:
Usiizibe. EGR hupunguza joto la mwako, na ukiiziba injini inaweza kuanza kugonga (petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda), huku mvuke wa oili ukiendelea kupita vilevile. Mwambie fundi aisafishe pamoja na valvu ya PCV, ile inayopitisha mvuke wa oili kuingia kwenye njia ya hewa, wakati manifodi iko nje.