Mashine inarenda, wewe unafanya nini? Tulinganishe

MchoraPwani: Wakuu, habari za kazi. Natengeneza katuni fupi kwa Blender, programu ya 3D, na Cycles, injini yake ya kurenda (kugeuza mandhari ya 3D kuwa picha kamili), inakula muda kweli. Kipande cha sekunde 10 kwa fremu (picha) 24 kila sekunde ni fremu 240. Fremu moja ikichukua dakika 3, hizo ni saa 12. Lipi bora: kuendelea na kazi nyingine kwenye mashine ileile, kurenda usiku, au kuondoka kabisa mbele ya kompyuta?

Fundi_Fremu: Usiku, mkuu. Ila usitoe video moja kwa moja, toa picha za PNG, fremu mojamoja. Umeme ukikatika saa nane usiku, faili la video laweza kuharibika lote. Picha zilizokwisha zinabaki. Zima Overwrite (kuandika juu ya faili lililopo) kwenye mipangilio ya Output, ukianza tena itaruka zilizopo. Na kabla hujalala renda fremu ya kwanza, ya katikati na ya mwisho uzikague. Kuamka ukute taa moja ilisahaulika inauma sana.

MamaHarusi_Video: Sisi wa video za harusi hatuna fremu za dakika 3. Kutoka Premiere Pro, programu ya kuhariri video, natuma kazi kwenye foleni ya Media Encoder, programu mwenzake inayotoa video iliyokamilika, naendelea kuhariri nyingine. RAM (kumbukumbu ya kompyuta) ikiwa ndogo lakini, zote mbili zinakwama. Hapo heri uiache mashine imalize.

MzeeWaSauti: Naungana na dada. Kinachotupotezea siku ni kungoja kufupi: unashika simu kwa dakika tano, unakuja kushtuka saa nzima imekwisha. Mimi muda huo nasikiliza toleo lililotangulia kwa spika ya simu, maana wateja wengi ndiko watakakolisikilizia, na kila kasoro naiandika daftarini pamoja na dakika yake. Mashine ikimaliza, najua pa kuanzia.

MchoraPwani: Asanteni sana. Nina kompyuta ya pili, ya zamani. Itasaidia?

Fundi_Fremu: Itasaidia. Zote mbili zitoe kwenye folda moja ya pamoja, Overwrite imezimwa, Placeholders imewashwa. Kila mashine itaweka faili tupu kwenye fremu inayoishughulikia, nyingine iiruke. Umeme ukikatika, futa kwanza faili tupu zilizobaki, la sivyo fremu hizo hazitarendwa kamwe. Na toleo la Blender liwe lilelile kwenye zote mbili.